Wakandikaji wa Mtopanga

Niliingia Mtopanga kwa miguu, mwaka uliofuata kumalizika kwa vita, nikiwa na neno la kumwambia mwanamke mmoja. Neno hilo nilitoka nalo Burma, nikashuka nalo melini Kilindini, na badala ya kulifikisha nikazunguka nalo Changamwe, Miritini, Mariakani, hadi Voi, nikifanya kibarua wiki mbili hapa na mwezi kule. Kuhamahama kulikuwa kwangu tangu zamani. Shule niliiacha darasa la tatu kwa kuwa nilitaka kujua gari la moshi linaishia wapi. Lakini safari hii sikuwa na hamu ya kujua lolote. Nilikuwa naikimbia nyumba moja ya Mtopanga, nyuma ya minazi ya Kisauni.

Mwenye nyumba alikuwa mamake mwenzangu. Mimi na mwanawe tulichimba mahandaki pamoja miaka miwili, na siku moja bomu likaliangusha handaki tulimokuwa, tukafukiwa sote wawili. Mimi nilifukuliwa hai. Yeye alifukuliwa maiti. Mamake alipata barua ya serikali ya mistari miwili, kwamba mwanawe amekufa vitani, basi.

Siku nilipopata moyo nilivuka lile daraja la kuelea la Nyali asubuhi, nikauliza njia, nikafika. Nilimkuta uani na watu wengine sita, wamejaa udongo mpaka magotini. Nikapiga hodi, nikatoa shikamoo. Kabla sijatamka jingine, ajuza mmoja wa Kigiriama, ambaye wote pale walimwita hawe, yaani bibi, alinipima kwa macho.

"Umekuja kutazama au umekuja kukanyaga?"

"Kukanyaga nini, hawe?"

"Udongo. Wewe una miguu miwili mizima. Hapa kwetu hiyo ni mali."

Nikavua viatu. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kundi lile: kwa woga. Kukanyaga udongo kulikuwa rahisi kuliko kusema.

Kundi halikuwa na jina. Lilianza na wanawake wawili ambao nyumba zao zilikuwa zikimomonyoka na hawakuwa na wanaume wa kuzikandika. Wakakubaliana kusaidiana kabla masika hayajafika. Kisha wakaja wengine, kila mmoja na mtu aliyempoteza miaka ile: mume aliyeangukiwa na mzigo bandarini, mwana aliyekwenda vitani, binti aliyekufa kwa uzazi. Kulikuwa na mwanamume mmoja tu, mzee mwenye kuchechemea, ambaye zamani alifanya kazi reli. Walikutana Jumamosi, kwa sababu Ijumaa ilikuwa ya Waislamu na Jumapili ya Wakristo. Wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na mwenye nyumba hupika.

Kiambaza, ukuta wa fito na udongo, hakikandikwi na mtu mmoja. Fito husimamishwa na kufungwa kamba, kisha watu wawili husimama mahali pamoja, mmoja ndani na mmoja nje, kila mmoja na tonge lake la udongo. Hupiga kwa pamoja, ili matonge yakutane katikati ya fito na kushikana. Mwanzo mnaonana. Udongo ukipanda hamwonani tena, basi huitana. Wa nje husema, "Upo?" Wa ndani hujibu, "Nipo," na wote hupiga. Watu saba wakizunguka nyumba, mpita njia angedhani ni watu waliopotezana msituni.

Siku ile ya kwanza niliuliza mambo mengi, kama kawaida yangu. Kwa nini udongo mwekundu unachanganywa na wa kichuguu? Hawe akasema, "Huo mchwa ameshatutafunia." Kwa nini nyasi zinakatwa fupi? Mzee akanionyesha. Nilikuwa nakaribia kufurahi. Kisha nikapewa upande wangu, nje, na mwanamke mmoja akawa ndani. Udongo ulipofika usawa wa macho, ikawa zamu yangu kuita, na sauti haikutoka. Nikasikia yeye ndiye anayeita kutoka ndani, sauti ya mtu aliye nyuma ya udongo. Sikujibu. Nikawa napiga tonge langu bila kungoja, haraka haraka, nimalize.

Adhuhuri, jua lilipokaza, upande wangu wote uliporomoka. Ulimfunika kuku aliyekuwa amelala kivulini, akatoka na mbawa nyekundu akikimbia uani.

"Kiambaza cha mtu mmoja hicho," mzee alisema. "Hata mbayuwayu hujenga na mkewe."

"Labda ni bubu," akasema mwanamke aliyekuwa ndani.

"Si bubu," hawe akasema. "Asubuhi sima aliiomba kwa sauti nzuri tu."

Walicheka. Mimi nikachota maji nikaanza upya, na safari hii mzee alisimama ndani akawa ananihesabia mapigo ili nisilazimike kujibu.

Tulipokuwa tukila, mwenye nyumba aliniuliza nimetoka wapi. Nikasema vitani. Mkono wake ukasimama juu ya sahani. Nikamwambia nilimjua mwanawe.

"Ulikuwa naye siku ile?"

"Nilikuwa karibu."

"Aliumia sana?"

Hapo ndipo neno langu lilipotakiwa kutoka. Badala yake nikasema, "Hakuumia, mama. Alikufa papo hapo."

Alifunika uso kwa ncha ya kanga. Alipoufunua alisema, "Alhamdulillahi. Nilikuwa nikiogopa kwamba alikuwa peke yake, akiita."

Akanipa baraza yake nilale. Chumba alinipa pia, lakini tangu handaki lile nilikuwa sijaweza kulala ndani ya kuta nne, nikamwambia nahitaji upepo.

Uongo ule ulikuwa chakula chake. Kila Jumamosi aliusema kwa mtu: kwa jirani, kwa muuza samaki, kwa mwanamke mpya aliyejiunga nasi. "Mwanangu hakuita. Huyu hapa alikuwepo." Nami nilikuwa nikiinama nikikanyaga udongo. Ningeweza kuondoka, nilijua kuondoka kuliko kazi nyingine yoyote. Nilikaa, na hata leo sijui vizuri kwa nini. Nadhani nilijua kwamba nikiondoka safari ile, neno lile halitafika kamwe.

Miezi miwili ikapita. Jumamosi moja tulikuwa kwa hawe, tukikandika chumba cha nyuma. Watu walikuwa wachache, nami nikapangwa ndani. Nikajiambia kwamba mlango uko wazi, na ni mchana. Aliyesimama nje, mkabala nami, alikuwa ni yule mama. Udongo ukapanda. Ukafika kifuani, ukafika machoni, mwanga ukabaki juu tu kwenye fito za mwisho.

"Upo?"

Nilifungua kinywa.

"Upo?"

Nilimsikia vizuri. Nilisikia hata pumzi yake.

"Mwanangu, upo?"

Sikumbuki nilivyopita. Najua tu kwamba mlango ulikuwa hatua tatu kushoto kwangu na sikuutumia. Nilitokea ukutani, fito zimevunjika kifuani, udongo umenijaa mdomoni, nikaangukia miguuni pake. Mtu mmoja alianza kucheka, akaacha.

Nikamwambia pale pale chini, wote wakisikia. "Aliita, mama. Hakufa papo hapo. Alikuwa upande wa pili wa magogo yaliyoanguka, kama hapa na pale. Aliniuliza kama nipo, nikamjibu. Akauliza tena, nikamjibu. Kisha nikaogopa kwamba nikisema sana pumzi itaniishia, nikanyamaza. Akaendelea kuniita. Alidhani nimekufa."

"Muda gani?"

"Sijui. Tulifukuliwa jioni."

"Na wewe ukimsikia."

"Nikimsikia."

Alikwenda kwenye debe la maji. Akanawa mikono, kidole kimoja baada ya kingine, akajitanda kanga yake, akashika njia.

Hawe alimwita mwanamke mmoja. "Mfuate. Usimsemeshe. Tembea nyuma yake tu mpaka afike." Kisha akanigeukia. "Na wewe, nyumba yangu sasa ina tundu la kimo chako. Udongo ukikauka hivi, umeharibika. Inuka."

Mzee wa reli aliingia ndani, nami nikabaki nje. "Mimi nitaita," alisema. "Ukishindwa kujibu, gonga ufito." Tukafunga fito mpya, tukaanza. Aliita, nami nikagonga. Baada ya mistari mitatu minne ya udongo hakuita tena, nikasikia akisema polepole, na sikuwa na hakika kama ni mimi ninayeambiwa:

"Mwanangu aliugua nikiwa ngomani Likoni. Walinitumia mtu mara mbili. Nikasema nakuja, wacha huu wimbo uishe."

Kando yetu wanawake walikuwa wakiimba. Wakaukatiza wimbo. Nikagonga ufito, naye akapiga tonge lake, na kazi ikaendelea hivyo mpaka tundu likazibika.

Jumamosi iliyofuata yule mama hakuja. Ile ya pili alikuja, akachukua pembe ya mbali, na shikamoo yangu hakuijibu. Nilikuwa nimehama baraza yake; nililala kwenye kibanda cha hawe cha kuku, ambacho kilikuwa na paa bila kuta. Ya tatu vivyo hivyo. Ya nne alikuja na tonge mkononi, akamwambia mzee asogee, akasimama mkabala nami. Udongo ulipotuficha, akasema:

"Haya, anza. Anza pale magogo yalipoanguka. Usiruke kitu."

Nikamsimulia. Jumamosi nyingine akasema tena, anza. Ikawa hivyo nyumba kwa nyumba, kwa Wakristo na kwa Waislamu, masika yote yale. Wengine walikuwa wakisikia kutoka kwenye pembe zao, na baada ya muda walikijua kisa kuliko mimi.

"Hapo umeruka," hawe aliniambia siku moja. "Wiki ile ulisema alikuomba maji."

"Aliniomba."

"Basi mpe nafasi aombe."

Kuna jambo nililokuwa nimelisahau, likatoka siku ya mvua tukiwa tumejikinga chini ya makuti. Kule gizani, mwanzo, kabla sijanyamaza, mwanawe alisema akitoka salama hatashika jembe tena, hata kuchimba muhogo. Mama alicheka kwa nguvu hadi akashika boriti.

"Huyo ndiye. Wallahi, huyo ndiye. Alikuwa mvivu wa shamba tangu mdogo." Kisha kicheko kikageuka, na wanawake wawili wakamkalisha chini, wakakaa naye, mmoja huku na mmoja huku, mvua ikinyesha.

Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwomba. Lakini mwaka wa pili nilikuwa nikilala ndani ya nyumba yake, karibu na mlango. Nilikaa Mtopanga masika matatu, na sijawahi kukaa mahali popote muda kama huo, kabla wala baadaye.

Siku ambayo naikumbuka zaidi ilikuwa katika masika ya mwisho. Tulikuwa tukikandika nyumba yake mwenyewe, ukuta wa jikoni. Nilikuwa nimekimaliza kisa, na tulikuwa tumepiga mistari kadhaa bila maneno. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza katika mara zote zile.

"Mara ya mwisho ulipomjibu, ulimwambia nini?"

Ilinibidi nisimame nikumbuke. "Nilimwambia, watakuja."

Nilisikia akilifinyanga tonge, akilifinyanga tena.

"Basi hilo alilisikia," alisema.

Akalipiga. Kisha akaniambia udongo umekuwa mkavu, nilete maji, nami nikaenda kuchukua debe.