Gunia Lililofungwa Mkanda

Kijijini kwetu Kiranjeranje walisema mtoto wa mkulima wa korosho akienda Ulaya kusoma ufundi wa magari atarudi na koti tu. Nilirudi na koti na diploma. Siku yangu ya kwanza kazini, enzi za vijiji vya ujamaa, Mkuu wa Karakana ya Lindi alinikabidhi Landrova akasema, "Msomi, tuoneshe."

Nikatia mikanda ya usalama kwenye viti vya mbele, kisha nikafanya hivyo kwenye magari mengine ya karakana. Boliti ya mkanda haishikizwi kwenye bati la sakafu, maana bati huchanika. Hushikizwa kwenye chesi, yaani mfupa wa gari. Nani mwingine pwani ile aliyajua hayo?

Landrova ile akapewa Seif, dereva aliyependwa kuliko wote. Akipita Mingoyo, wachuuzi waliacha biashara wakamsalimu. Mimi mwenye diploma nilipita kimya. Liliniuma, na bado linaniuma.

"Seif, funga mkanda."

"Kaka, anayefungwa garini ni mbuzi." Karakana nzima ikacheka.

"Mbuzi hufungwa asikimbie. Wewe unafungwa usitoke kupitia kioo."

Hakuna aliyecheka.

Akaenda Likawage peke yake, akarudi na gunia la korosho kwenye kiti cha pili. Lilikuwa likiyumba, hivyo akalifunga mkanda. Wa kwake akaukalia. Kabla ya Kiranjeranje gari likaingia korongoni. Tulimkuta kando ya barabara, mdomo umepasuka, meno ya mbele hayapo. Gunia lilikuwa limekaa wima kitini.

Mkuu wa Karakana alilikagua. "Hata mshono haukukatika," akasema. "Seif, korosho zimekuzidi akili."

Nilidhani sasa nitasikilizwa. Wapi. Seif alipopona alisimama mbele ya madereva, akainua mdomo, akawaonesha pengo. "Fungeni," akasema. Wakafunga siku ileile, watu niliowahubiria mwaka mzima.

Nilistaafu nikiwa Mkuu wa Karakana, wa kwanza mwenye diploma. Juzi nilipanda gari Mingoyo, kiti cha mbele. Mama mmoja aliyekaa nyuma akanigusa bega.

"Shikamoo mzee. Vuta mkanda wa Seif."

"Marahaba. Mkanda huo niliuleta mimi." Nikamtajia jina langu, la baba na la babu.

"Hilo sijapata kulisikia," akasema kwa adabu. "Lakini funga, baba yangu."

Nikafunga. Nimezeeka na meno yangu yote ya mbele, na namwonea Seif wivu hata kwa lile pengo.