Jina la Eneo la Mradi

Fomu yetu ya maombi ina maswali kumi, na yote niliyatunga mimi. Zamani yalikuwa kumi na moja. Lililotoka ni swali la tatu, lililouliza "Jina la eneo la mradi." Lilikuwa mstari mmoja wenye nafasi ya maneno manne au matano, na nilipouchora sikuwaza mara mbili. Nilijua kila mahali pana jina.

Ninaendesha mfuko mdogo wa ruzuku. Ofisi yetu iko Mabatini, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Tunasaidia vikundi vya kandokando ya ziwa vinavyotunza mila zao na mazingira yao: wafinyanzi, wazee wanaorekodi nyimbo za kupiga makasia, watu wanaong'oa magugu maji. Kabla ya hapo nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na fomu za watu huwa nazisahihisha kama nilivyokuwa nasahihisha insha, kwa kalamu nyekundu. Mimi ni Mhaya, Mlutheri, mtoto wa mkulima wa kahawa ambaye kwake neno "sijui" lilikuwa karibu sawa na tusi. Mtoto aliyeulizwa swali alitakiwa kujibu. Wenyeji wa huku hututania kwa kutuita nshomile, yaani msomi, na ukisikia wanavyolitamka utajua kwamba hawakusifu.

Fomu ninayoisimulia ililetwa na mwenyekiti wa kikundi mwenyewe, mama aliyenizidi umri kidogo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja. Miaka yote alikuwa anauza viazi na samaki wa kukaanga Busisi, magari yalipokuwa yanasubiri kivuko. Daraja lilipofunguliwa magari yakawa yanapita bila kusimama, biashara ikalala. Sasa yeye na wanawake wenzake wa ukoo walitaka miche ya asili, majembe na chakula cha siku moja, ili waurudishie uhai msitu mdogo wa ukoo wao, unaozunguka chemchemi. Viwanja vya kandokando ya daraja vilikuwa vinagombaniwa, na walihofia msitu usipotunzwa utaonekana pori tu, uchukuliwe.

"Shikamoo, mama. Swali la tatu hujajaza," nikamwambia.

"Marahaba. Nimeliona."

"Sasa?"

"Halijazwi."

Nikamrudishia. Baada ya wiki mbili fomu ikaja tena, kila kitu kimeandikwa vizuri, mstari wa tatu mweupe. Nikarudisha mara ya pili. Safari iliyofuata palikuwa na neno moja, kwa herufi kubwa: PALE. Nilikasirika kweli. Niliona mtu mzima ananichezea. Nikaandika kwa wekundu, "Pale wapi?", halafu nikaona badala ya kuituma niipeleke mwenyewe.

Alinipokea bila kinyongo na akanipeleka. Ni mteremko wa mawe unaoshuka ziwani, miti minene iliyoshikana matawi, na katikati maji yanatoka chini ya jiwe, masafi, ya baridi. Alivua viatu, nami nikavua. Kulikuwa na mapengo hapa na pale ambapo miti ilikufa, na ndipo alipotaka kupanda.

"Panaitwaje?" nikauliza, kalamu mkononi.

"Pana jina, mwalimu. Ila tunalitamka siku moja tu kwa mwaka, wanawake wa ukoo, tukija kusafisha haya maji. Tunaimba, tunalitamka, tunaondoka. Siku nyingine tunasema pale, na anayehusika anajua."

"Na asiyehusika?"

"Huyo halimhusu."

Niliona ni jambo zuri. Nililiandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri kabisa. Halafu nikarudi ofisini na kufanya vilevile nilivyokuwa nimepanga, maana fomu isiyo na jina la eneo isingepita kwenye kamati yetu inayoidhinisha ruzuku. Nikatunga jina lisilomuudhi mtu: Msitu wa Chemchemi ya Akina Mama. Kamati ililipenda mno. Nilipompigia simu mama kumweleza, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo jina ni la kwako," akasema. "Kama kalatasi yako inalitaka, ipe."

Mimi nikahesabu hiyo kuwa ruhusa.

Palikuwa na sharti jingine, la kibao. Kila mradi wetu ulikuwa na kibao, ili wanaotuchangia waone kazi yao. Nilikitengenezesha kwa fundi wa kuchomelea kule Nyakato, bati zuri lenye herufi za buluu, na kwa kuwa msitu hauonekani kutoka barabarani, nikamwambia fundi aongeze mshale. Tulikichimbia njia panda, karibu na daraja. Mama alikitazama kwa muda mrefu.

"Mshale wa nini?"

"Watu wajue njia."

"Watu gani?"

Nilidhani anatania, nikacheka. Picha ya siku ile bado ninayo. Wanawake wote wanatazama kamera, na yeye peke yake anatazama mshale.

Miche ilishika. Miezi ya kwanza nilikwenda mara mbili, nikarudi nimejaa furaha. Sikujua kwamba madalali walikuwa wameanza kulitumia lile jina, kwamba mtu akiulizia kiwanja anaambiwa kipo jirani na Msitu wa Chemchemi. Wala sikujua kwamba maharusi walianza kuja kupiga picha pale, na baada ya maharusi wakaja watu wa kupumzika mwisho wa wiki na spika zao na majiko ya mkaa. Mama hakuniambia. Nadhani alikuwa ananisubiri nione mwenyewe, na mimi nilikuwa nasoma ripoti.

Siku aliyonipigia alisema maneno mawili tu: "Njoo uone."

Waliokuja kuchoma nyama walikuwa wameondoka bila kuzima moto wao. Kiangazi kilikuwa kikali. Nusu ya mteremko ilikuwa nyeusi, na miche yetu ya upande ule ilisimama kama vijiti vya kiberiti vilivyokwisha kuwashwa. Kwenye maji kulikuwa na chupa za plastiki na mabaki ya mkaa. Kwa mara ya kwanza nilimwona mama akitembea pale na viatu, kwa sababu ardhi ilikuwa bado ya moto. Alizunguka mpaka tulipofika kwenye jiwe.

"Jina lako limefanya kazi, mwalimu," akasema.

Hakupaza sauti. Ningefurahi kama angepaza. Aibu iliyonipata sijawahi kuipata, si darasani, si kanisani, si mbele ya baba yangu. Nililia, nikamwomba anisamehe.

"Msamaha tutauzungumza baadaye. Kwenye gari una jembe?"

Nilikuwa nalo. Tukaenda njia panda, nikakichimbua kile kibao kwa mikono yangu, yeye akinielekeza pa kupiga. Kilikuwa kimechimbiwa imara, maana nilisisitiza mwenyewe kiwe imara. Nilipokiangusha nilikuwa nimelowa jasho na kiganja kimechubuka. Alikibeba kichwani mpaka kwake. Leo ni mlango wa banda lake, na herufi ameziweka upande wa ndani. Anasema wanaozisoma sasa ni kuku.

Kwenye kamati nilieleza kila kitu, na nikasema kosa ni langu. Kisha nikachukua fomu na kupiga mstari kwenye swali la tatu, kwa kalamu ileile nyekundu. Mjumbe mmoja aliuliza tutajuaje miche mipya inapandwa wapi. Lilikuwa swali la haki, ningeliuliza mimi. Nikamjibu kwamba wenyewe watajua, na kwamba kama hilo halitutoshi basi tusiwape. Walibishana mpaka chai ikapoa, wakakubali kwa shingo upande.

Miche nikaipeleka nyumbani kwa mama, nikaishusha uani. Mingine ilikwenda kwenye mteremko ulioungua. Mingine ilikwenda mahali pengine, aliposema panahitaji, na hakuniambia ni wapi. Nilitamani kuuliza. Maswali yalinijaa mdomoni, nikayameza na uji alionipa. Kwenye ripoti ya mwaka niliandika kwamba miche imepandwa. Sikuwa nimeona hata nusu yake, na sikuwahi kuandika sentensi ngumu namna ile.

Mwaka huu akanipigia tena. "Kesho tunasafisha maji. Njoo. Ila hutaingia. Utakaa balabalani, uzuie watu."

Nilikwenda. Nilisimama njia panda, palepale kilipokuwa kibao, na kofia yangu ya jua na chupa ya maji. Wanawake walipita mmoja mmoja, wengine wamebeba mafagio na ndoo, wakanisalimia wakateremka. Baada ya muda nyimbo zikaanza. Sikuelewa maneno, lakini niliitambua sauti ya mama, ile ya kuuzia viazi.

Gari dogo jeupe likatoka upande wa daraja, likapunguza mwendo na kusimama mbele yangu. Ndani alikuwa kijana na mchumba wake, wamependeza.

"Shikamoo, mama. Tunatafuta Msitu wa Chemchemi ya Akina Mama. Tumeuona mtandaoni."

Nilikuwa nimeyatunga mimi maneno hayo, moja baada ya jingine, na kuyapigia kura. Nilikuwa najua kila jiwe la njia ile. Akilini nilimwona baba yangu amekaa kwenye kiti chake, ananisubiri nijibu.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Sijui."

"Wewe siyo mwenyeji?"

"Hapana, siyo mwenyeji."

Walinishukuru wakaondoka. Nyuma yangu wimbo ulikuwa unapanda, kisha ukakatika ghafla, na nikajua kwamba sasa wanalitamka lile jina. Upepo ulikuwa unatoka ziwani kuja barabarani. Ningesogea hatua tano ningelisikia vizuri, na nilitaka sana kusogea. Nikaziba masikio kwa viganja viwili, mtu mzima na mvi zangu, nikasimama hivyo kando ya barabara mpaka nilipomwona mama akitoka kwenye miti, ananicheka.