Mkwe Nyuma ya Pazia

Daktari alikata karibu mfuko wangu wote wa chakula kwa sababu ya saratani, na nilipozinduka nikakuta mpira mwembamba umetokea ubavuni mwangu. Kwa ndani ulikuwa umeingia moja kwa moja kwenye utumbo. Muuguzi akanieleza kwamba mpaka mishono ya ndani ipone, chakula changu chote kitapita humo. Mimi niliyeuza samaki wakavu soko la Koboko miaka yote ile, niliyekuwa namaliza bakuli la muhogo huku nikigombana na wateja, sasa nilitiwa maziwa kama pikipiki inavyotiwa petroli.

Ugonjwa sikuuonea aibu. Aibu ilianza nilipotoka hospitali.

Kurudi nyumbani kwangu Lurujo hakukuwezekana, maana kliniki ya Arua ilitaka kuniona mara kwa mara. Binti yangu akanichukua kwake Pajulu, si mbali na kliniki. Nyumba yao ina vyumba viwili, na kile cha mbele wakanipa mimi. Binti ni mwalimu wa shule ya msingi. Mumewe ni fundi wa kushona nguo, cherehani yake iko barazani, karibu kabisa na mlango wa chumba nilicholazwa. Yeye ni Mlugbara, mimi ni Mkakwa, kwa hiyo lugha yetu ni Kiswahili, tena kile kidogo sana tulichowahi kusemezana. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawazoeani. Hatupeani mikono, hatuketi mkeka mmoja. Akinikuta njiani anasogea pembeni, nami napita nikiangalia upande mwingine. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na mimi nilikuwa nimeishika kwa ukali kuliko wanawake wengi wa rika langu.

Wakati wa likizo binti yangu alinilisha mwenyewe. Kisha shule zikafunguliwa.

"Kuanzia kesho atakulisha baba watoto," aliniambia kwa Kikakwa, huku akikunja shuka asinitazame. "Nimemfundisha kila kitu."

"Mwanamume niliyempa binti yangu aje aone tumbo langu?"

"Ni mpira tu, mama."

"Afadhali nife."

"Basi utakufa kweli," akasema, akaikunjua shuka na kuikunja upya. Moyoni sikukubali.

Asubuhi iliyofuata mkwe wangu aliacha maziwa yaliyochujwa mlangoni, ndani ya mfuko wa kulishia, akakohoa. "Mama, maziwa iko tayari. Mimi naingia?"

"Wewe bakia huko. Mimi najua."

Sikujua chochote. Nilijikokota nikautundika mfuko kwenye msumari, nikaunganisha mipira, halafu nikafungua kile kigurudumu cha kupunguza kasi mpaka mwisho, ili mambo yaishe upesi kabla mtu hajaingia. Muuguzi alikuwa ameonya kwamba utumbo haupokei chakula kwa haraka, unataka tone kwa tone. Maziwa yalishuka yote kwa mkupuo. Tumbo likaninyonga, moyo ukaanza kwenda mbio, jasho likanitoka mpaka nywele zikalowa, na kabla sijaweza kushuka kitandani nikawa nimejiharishia. Nikapiga kelele. Na ile kelele, kwa aibu yangu yote, ilikuwa ya kumwita yeye.

Hakuingia. Nilisikia viatu vyake vikikimbia, kisha jirani akaja, mama mmoja wa Sudan Kusini mwenye kibanda cha vitenge mjini, ambaye kwa bahati alikuwa hajaondoka. Alinifungia mpira, akaniosha, akabadilisha shuka, na muda wote huo alinigombeza.

"Wewe nataka kufa juu ya aibu? Mimi siko hapa kila siku. Mimi iko na kazi."

Niliugeukia ukuta nikalia. Nilikuwa nimejaribu kumficha mkwe wangu tumbo langu, sasa alikuwa amesikia kila kitu kingine.

Mchana huo cherehani ilikwenda muda mrefu. Ilipotulia jirani alikuwa amerudi kutoka mjini, akaingia na kitenge kipana cha rangi ya buluu chenye upindo wa kamba juu, akakifunga kutoka ukuta hadi ukuta, mbele ya kitanda changu. Katikati, usawa wa mkono wangu nilipokaa nimeegemea mito, palikuwa na tundu la kifungo. Lilishonwa ukingo wote kwa uzi mzito, upana wa mpira tu.

"Mama," alisema mkwe wangu kutoka upande wa pili, "mimi naweka mfuko huku. Mimi napitisha mpira hapa. Wewe nashika, nafunga na yako. Mimi haione kitu."

Nilivuta shuka hadi kidevuni. Lakini kesho yake ncha ya mpira ilipotokea kwenye tundu nikaishika. Alianza na maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, kisha maziwa, kisha maji tena ya kusafisha. Uji mwepesi wa soya ukafuata baadaye siku hiyohiyo. Kila mlo ulikwenda saa nzima au zaidi, na yeye alikaa pale kwenye kigoda akihesabu matone na kushikiza vifungo vya shati la mtu kwa sindano. Hakuweza kuondoka. Maziwa yakisimama, mpira huziba, na ukiziba ni kurudi hospitali.

Ningependa kusema nilishukuru. Nilikuwa mkali kama pilipili. Nilimwambia maziwa ni ya baridi, kumbe ni ya uvuguvugu. Nilimwambia anachelewesha. Uji ukinukia kutoka jikoni nilikasirika, kwa sababu mdomo wangu ulitaka na haukupata, na hasira hiyo ilihitaji mtu. Yeye alijibu, "Ndiyo, mama," au, "Polepole, mama." Nadhani nilitaka agombane nami, ili nipate sababu ya kumkataa.

Siku moja, maziwa yakiwa yanashuka, nilisikia mlio. Kwanza nilidhani ni mpira. Nikaugusa, ulikuwa unapitisha vizuri. Mlio ukarudi, mrefu, na ulitoka upande wake wa pazia.

"Tumbo ya nani nalia?" nikauliza.

Akakohoa kidogo.

"Baba ya watoto, wewe nakula saa ngapi?"

"Jioni, mama."

"Na mchana?"

"Mchana iko sawa tu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mkwe hali mbele ya mama mkwe wake. Hilo nalo ni sehemu ya heshima ileile niliyoililia. Jiko lao liko uani, linatazamana na mlango wangu, na baada ya kila mlo nilivuta pazia kando na kuacha mlango wazi kwa ajili ya hewa. Binti yangu alimwachia sahani yake kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Ili aile ilimbidi aketi machoni pangu, au aende mbali na kuacha mpira wangu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Watoto wao wakirudi kutoka shule walikuta sahani imejaa, wakaila, na binti yangu akikuta sahani tupu alidhani mumewe ameshiba. Tangu shule zifunguliwe mtu huyu alinichemshia, alinichujia, alinilisha, na kusikiliza matusi yangu akiwa na njaa. Mimi nilikuwa nimelinda upande wangu wa aibu tu. Upande wake sikuufikiria hata mara moja.

Sijawahi kujiona mdogo namna hiyo, hata siku ile ya shuka.

"Leta sahani yako," nikasema.

"Hapana, mama. Haiwezekana."

"Kula hapo. Mimi haione kitu."

Alipunguza kasi ya matone. Kisha nikamsikia akienda na kurudi, na harufu ya mboga yenye simsim ikapita kwenye kitenge ikanijaa puani. Alikula bila sauti, akificha kila tonge, mpaka ikabidi nitege sikio kujua kama anakula kweli. Maziwa yangu hayakuwa yamefika nusu aliposema, "Mimi nashiba, mama."

Nimelisha watu wengi maishani. Najua mtu aliyeshiba anavyosema na najua anavyosema mwenye haya.

"Ongeza," nikamwambia. "Mimi naangalia mpira."

Kigoda kikasogea. Ingawa pazia lilikuwa kati yetu, niligeuza uso wangu ukutani nikafumba macho, ili apite na sahani yake.