Maji Ambayo Nkasiogi Hakuyamwaga

Msafiri, mkuu wa ofisi moja pale Njiro, alimsingizia mfagizi wake Nkasiogi mbele ya wafanyakazi wote kwamba ameimwagia maji kompyuta ya zamani, ndiyo maana inakwama kila ikitafuta jina la mteja.

Leo fundi Hafidha alikuja kukagua marekebisho ya programu. Akatafuta jina, likatokea.

Akamgeukia Nkasiogi aliyekuwa akipiga deki. "Si maji, mama. Programu mpya iliipa prosesa ya zamani, yaani ubongo wa kompyuta, amri ambayo haiijui. Sasa imerekebishwa, inaiuliza kwanza kama inaiweza amri hiyo."

"Kumbe mashine huulizwa! Mimi niliulizwa na nani?"

Hafidha akayapitisha marekebisho. Msafiri akacheka. "Basi yameisha, mama."

Nkasiogi akalikamua tambara kwa nguvu. Hayajaisha. Msafiri hajamwomba radhi, na alipaswa kumwomba mbele ya watu wale wale.