Mlango Usio na Komeo

Mwaka ule fundi seremala alikuwa na kazi tele. Wanajeshi waliokuwa wakiwasaka waasi walivunja milango ya mtaa mzima, kisha mradi wa kujenga upya ukamwajiri yeye atengeneze mipya. Wa nyumbani kwake aliupachika mwisho.

Mkewe akaupapasa upande wa ndani. Tangu wanajeshi wamchukue mtoto wao mkubwa, alikuwa halali mpaka kabati lisukumwe mlangoni.

"Komeo liko wapi, Baba Watoto?"

"Makomeo hayaruhusiwi. Afande anasema wakija kupekua tena, wasihangaike kuvunja."

"Kwa hiyo umenitundikia pazia la mbao."

Fundi akainamisha kichwa. Asubuhi alikuwa amemwomba afande komeo moja tu, kwa ajili ya mkewe. Afande alicheka, akampigapiga begani: "Mzee, mlango si wako huo, ni wa mradi."

Mchana watu wa mradi walikuja na kamera. Wakamkabidhi fundi mlango alioutengeneza mwenyewe, naye akasema ahsante. Walipoondoka, akashika upande mmoja wa kabati, mkewe akashika wa pili.