Jina la Mkubwa Hutangulia

Editha Mkude alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Mpe shuka alikunje, pembe zitakutana. Mpe jedwali alichore, mistari itakaa utadhani imetoka kiwandani. Ndiyo maana pale kwenye kituo kidogo cha utafiti wa afya, Morogoro mjini, kazi ya kichocho waliiacha mikononi mwake. Na aliifanya, jamani, tusimpunje. Misimu miwili alishinda Dakawa kwenye majaruba ya mpunga, akiwafuata kina mama waliokuwa wakipandikiza miche, maji yamewafika magotini, akiwaomba mkojo. Hebu fikiria kumwendea mke wa watu usiyemjua, umwambie, "Dada, za kazi? Naomba mkojo wako kwenye hiki kichupa." Wengine walimcheka hadi wakakaa chini. Mmoja alimrushia tope. Mwisho wakamzoea, wakambatiza jina la Mama Chupa, na vichupa vikawa vinajaa vyenyewe.

Alichokikuta kilimtia uchungu. Kila mtu alijua kichocho ni ugonjwa wa watoto wanaooga mferejini, kwa hiyo watoto ndio waliokuwa wakipimwa shuleni. Kina mama nao walikuwa wakikojoa damu, wakinyamaza. Kwenda kliniki siku hizo kulishaanza kutaka kuchangia gharama, na mama gani ataacha kununua unga akalipie kuambiwa ana ugonjwa wa watoto?

Basi Editha akaandika makala ya kupeleka kwenye jarida la afya ya jamii huko Dar es Salaam. Aliandika kwa mkono, Cecilia mpiga chapa akaigonga kwenye taipureta yake iliyokuwa ikikwama kwenye herufi e, na mkuu wa kituo, Daktari Salum Stambuli, akaisoma kwa kalamu nyekundu. Ikarudi. Muhtasari mrefu mno. Ikarudi tena. Jedwali la pili halisemi kitu ambacho la kwanza halijasema. Kwenye shukrani, Editha alikuwa ameanza na Mwenyezi Mungu, akaja kwa mwenyekiti wa kijiji, bwana shamba, dereva, mama ntilie wa Dumila aliyekuwa akimwekea chakula, mpaka ukurasa ukajaa. "Binti, hii ni makala au hotuba ya harusi?" mzee akauliza, akafyeka karibu wote. Mungu mwenyewe hakupona.

Ulipobaki ukurasa wa juu, Cecilia akauliza, "Majina nianze na nani?"

"Swali gani hilo? Anza na mkubwa," Editha akajibu, wala hakuinua kichwa.

Kwani wewe ungejibuje? Kwenye kadi ya harusi mkubwa anatangulia. Kwenye kikao mkubwa anatangulia. Hata sahani ya pilau ikiletwa, mkono wa kwanza ni wa mkubwa. Daktari Stambuli alipouona ule ukurasa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Haya," akasema. "Peleka posta."

Miezi ikapita. Ilikuwa enzi za ruksa: maduka yamejaa vitu, mifuko imejaa upepo. Viwanda vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine, na Amosi, mume wa Editha, alishapunguzwa kazini kwenye kiwanda alichokuwa fundi, sasa anashinda sokoni na robota la mitumba. Nyumba nzima ilikuwa ikimtegemea Editha, pamoja na mama yake mzazi kule Kinole. Ndipo waraka ukabandikwa ukutani pale kituoni: watafiti nao watapunguzwa. Atakayebaki ni yule mwenye makala iliyochapishwa, ambayo yeye ndiye mwandishi wake wa kwanza.

Editha alifurahi. Loo, alifurahi! Alikuwa na makala, na barua ya mhariri kwamba imekubaliwa. Akaipeleka ile barua kwa Regina, rafiki yake wa tangu shule, aliyekuwa mhadhiri chuoni, wafurahi wote. Regina akaisoma mara mbili. "Mbona wa kwanza ni Stambuli?"

"Si mkubwa wangu?"

"Editha. Mwandishi wa kwanza ni yule ambaye jina lake limetangulia. Ndivyo wanavyohesabu."

Editha akacheka, akidhani anataniwa. Kisha akaona Regina hacheki. Akakaa. Kwa maandishi yale, kazi ya Dakawa ilikuwa ya mzee, na yeye alikuwa mbeba vichupa. Njia ilikuwa imebaki moja, iliyoandikwa chini ya barua ya mhariri: badiliko lolote liombwe kabla ya kuchapwa, kwa sahihi za waandishi wote.

Sasa utamwambiaje mtu wa umri wa baba yako, "Shuka, nikae mimi"? Editha alilizungusha jambo hilo kichwani wiki nzima, akaona hapa pana utani. Yeye Mluguru, Stambuli Mnyamwezi wa Tabora, na Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wapagazi wakipita Uluguru na mizigo. Mtani hukuambia lolote, na kukasirika ni mwiko. Wakati wa chai, watu wote wapo, akajishika kiuno.

"Wewe Mnyamwezi! Toka lini mpagazi akatangulia, mwenye mzigo akafuata nyuma? Nirudishie nafasi yangu kwenye makala!"

Ofisi ikalipuka. Daktari Stambuli alicheka mpaka machozi. "Nyie Waluguru mlituona tunapita mkakimbilia milimani kujificha. Leo ndiyo mmekumbuka kushuka?" Cecilia alimwaga chai. Watu wakacheka, wakarudi kwenye kazi zao, na mzee akarudi kwenye yake, akiwa bado anafuta macho. Editha akabaki na kikombe mkononi. Alikuwa amesema yote, na hakuna kilichosemwa.

Akasubiri labda ataitwa. Hakuitwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Jumamosi akainama: alivaa kitenge chake cha heshima, akabeba ndizi zilizotoka Kinole, akaenda Bigwa nyumbani kwa mzee. Mama Shakila, mkewe, akampokea ndizi, akampa kiti, akaenda jikoni. Mzee alikuwa barazani na kanzu yake ya kushinda nyumbani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo huna utani?"

"Leo sina." Akaitoa barua aliyokuwa ameiandaa kumwomba mhariri abadili mpangilio wa majina, sahihi yake ikiwa tayari imekaa chini. Akaeleza yote, waraka, Amosi, mama yake, bila kuzunguka. "Mzee wewe unastaafu mwezi wa sita. Mimi wananitoa."

Stambuli hakuigusa ile karatasi. "Juzi uliponitania, nilijua hutanii."

"Sasa mbona ulicheka?"

"Utani unaruhusu kucheka. Nikajificha humo." Akatazama mikono yake. "Miaka yote ya kazi yangu nimeandika na wakubwa zangu, wageni na wenyeji. Nikiwa kijana nilikuwa nawatanguliza, kama ulivyofanya wewe. Halafu nimezeeka, na jina langu halijakaa juu hata siku moja. Ulipoleta ule ukurasa nilijua ni makosa. Dakawa sikukanyaga. Nilijua palepale, mwanangu, nikasema moyoni, liende tu. Mara hii moja."

Hasira zilimpanda Editha mpaka masikio yakawa ya moto. Alijua! Mtu mzima na elimu yake, alijua, akasema peleka posta! Na pamoja na hasira ikamjia huruma, tena huruma kali, akamchukia mzee kwa kumfanya ahisi vyote viwili kwa wakati mmoja. Akaisogeza barua mbele yake, na kalamu juu yake.

Mzee aliisoma yote, polepole, kama alivyozoea kusoma rasimu zake, akitafuta kosa. Halikuwepo. Mkono wake ulisimama juu ya karatasi kitambo, mpaka Mama Shakila akachungulia mlangoni akiwa na sinia la chai, akaona, akarudi jikoni nalo. Ndipo akaandika, jina lote, Salum Stambuli, chini ya la Editha Mkude.

"Ichukue uende," akasema, akimrudishia huku ameigeukia bustani. "Ondoka kabla sijabadili mawazo."

Editha aliichukua kwa mikono miwili, akaondoka bila kunywa chai wala kuaga, mbio mbio, maana aliona wazi kwamba mzee hatanii.