Kanyange na Paka-mwitu wa Louisville

Kanyange, mkimbizi kutoka milima ya Kivu Kusini, alifuga kuku nyuma ya nyumba yake pembezoni mwa mji wa Louisville, Marekani. Paka-mwitu akawamaliza. Kule nyumbani, ng'ombe wake waliporwa na watu wenye bunduki, naye hakuweza kulipiza. Safari hii aliapa kulipiza.

"Mama, zamani paka hawa walikaribia kuisha," alisema jirani yake Jovin, Mtanzania aliyesomea wanyamapori. "Kwa miaka mingi sasa wanazidi kuongezeka."

"Bon, sawa, mimi nitawapunguza."

Alikata leseni, akangoja msimu wa uwindaji, akamtega yule paka, akamuua kwa risasi. Ngozi aliitundika sebuleni.

Theluji ilipoanguka, yeye na Jovin waliona uani nyayo za paka wengine wawili.

Kanyange alisonya. "Waje," alimwambia Jovin. "Mimi sihami tena."